Unataka kuwa msuluhishi? Anzia kwa sheha

Vijana wengi wanaonijia hapa Wete, Pemba, huulizia cheti kwanza. Cheti kipo, tutafika. Kwanza nenda kwa sheha, kiongozi wa serikali wa shehia (mtaa au kijiji) yako, muombe ukae pembeni kwenye vikao vya suluhu. Kazi yako iwe kunyamaza na kusikiliza. Kesi zetu nyingi ni mirathi na mikarafuu, na kwetu mkarafuu waweza kuwa wa mtu na ardhi chini yake isiwe yake. Usiyejua hilo utawagawia watu wasichokimiliki.

Kisha soma sheria. Kituo cha Huduma za Sheria Zanzibar, kilichoanzishwa 1992, hufundisha wasaidizi wa sheria, nao wanatambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria Namba 13 ya 2018. Mafunzo ya usuluhishi wenyewe, yale ya kimataifa, mara nyingi ni ya saa 40 hivi, na sehemu kubwa ni kuigiza vikao. Ukitaka kufanya kazi Tanzania Bara, kuna kanuni za 2021 za kuwaidhinisha wasuluhishi; zisome kabla hujalipa ada ya kozi yoyote.

Kikaoni ndiko kwenye kazi. Mume na mke wakigombana, Suratun Nisaa, aya ya 35, inataka mwamuzi mmoja kutoka kwa jamaa za mume na mmoja kwa jamaa za mke. Lakini wewe msuluhishi huna upande, na huhukumu. Wasikilize pamoja, kisha mmoja mmoja, maana mume hatasema mbele ya mashemeji kuwa hana hata ya mchele. Alokwambia faraghani usiyatoe mpaka akuruhusu. Mi huuliza kabisa: "Hili nimwambie, au libaki hapa?"

Wakikubaliana, andika papo hapo, usingoje kesho. Usiandike "atalipa msimu ukifika." Andika tarehe na kiasi, uwasomee kwa sauti, watie saini na mashahidi wao.

Na udhalilishaji, yaani ukatili wa kijinsia na wa watoto, hausuluhishwi. Watakuja usiku, wakwambie aliyefanya ni jamaa, wanaona muhali kumpeleka mbele ya sheria. Wapeleke dawati la jinsia na watoto pale polisi, hata kama anayekuomba mlimalize nyumbani ni mjomba wako.