Picha mbili juu ya fremu moja, na vituko vingine vya mkanda

Nianze na kosa langu. Mkanda wangu wa kwanza wa filamu ya kupigia picha kwa majaribio ulikuwa umepita muda wake, nikaupitisha kwenye kamera mara mbili, halafu nikausafisha, yaani nikaitoa picha, kwa kahawa. Nilichopata ni utepe wa rangi ya chai. Kilichoniuma zaidi ni kwamba sikuweza kujua kosa liko wapi, kwa sababu mambo matatu yalikuwa yamebadilika kwa mpigo. Tangu siku hiyo nabadilisha kitu kimoja tu kwa kila mkanda, na daftari halitoki mfukoni.

Tafuta kamera ya milimita 35 ambayo unaweza kuipangia ISO (kipimo cha wepesi wa filamu kunasa mwanga) kwa mkono. Zile zinazosoma zenyewe alama za kwenye kasha la filamu zitakukwamisha mapema. Mkanda uwe wa negativu (ambao mwanga huonekana giza na giza huonekana mwanga), ISO 400, wa rangi au mweusi na mweupe. Negativu huvumilia mwanga uliozidi. Mkanda wa slaidi, unaotoa picha halisi moja kwa moja, hausamehe.

Hatua ya 1: Elewa giza linafanya nini

Usiguse kamera kabla hujalielewa hili. Sehemu ya filamu isiyopata mwanga bado ni tupu, na picha ya pili itaingia hapo. Sehemu iliyokwisha kushiba mwanga, kama anga jeupe, haina nafasi tena. Chochote utakachoongeza juu yake hakitaonekana.

Kwa hiyo picha ya kwanza ndiyo inayochora mipaka. Msimamishe mtu mbele ya anga angavu, pima mwanga wa anga na si wa uso wake, upate umbo jeusi tupu. Picha ya pili iwe kitu chenye mchoro mwingi: majani, ukuta uliobanduka rangi, nguo iliyofumwa. Majani yataota ndani ya umbo la mtu na anga litabaki safi. Wengi hufanya kinyume, wanaanza na maua kwenye jua kali, kisha wanashangaa uso haukuonekana.

Hesabu yake ni nyepesi. Picha mbili kwenye fremu moja (nafasi ya picha moja kwenye mkanda) zigawane mwanga, kila moja ipate nusu: mkanda wa ISO 400 upange kamera kwenye 800. Picha nne, panga 1600. Ila kama mandhari ya nyuma ni nyeusi kabisa, mathalani usiku au mbele ya kitambaa cheusi, usigawanye kitu. Giza haliongezi chochote kwenye filamu, kwa hiyo kila picha ipe mwanga wake kamili.

Hatua ya 2: Fremu moja bila kusogeza mkanda

Kamera nyingi za zamani hazina swichi ya kazi hii, lakini zina njia ya uchochoroni. Piga picha ya kwanza. Zungusha taratibu mkono wa kurudishia filamu mpaka uhisi mkanda umekaza, kisha acha. Ushikilie hapo hapo usizunguke, bonyeza kitufe cha kurudishia kilicho chini ya kamera, halafu vuta wenzo wa kusogeza filamu kama kawaida. Shata (pazia linaloruhusu mwanga kuingia) itajikaza lakini mkanda utabaki palepale, au karibu na pale. Hucheza kidogo, usitegemee ukamilifu wa mashine. Piga picha ya pili.

Kabla ya kuendelea, funika lenzi na upoteze fremu moja, maana baada ya mchezo huu fremu inayofuata huweza kupanda juu ya mwenzake. Fanya mazoezi na kamera tupu kwanza. Na kama wenzo unagoma, usilazimishe. Si kila kamera inakubali.

Hatua ya 3: Kupitisha mkanda mzima mara mbili

Hii ndiyo ninayoipenda kuliko zote.

Unapoweka mkanda, kabla ya kufunga mlango wa nyuma, chora mstari kwa kalamu isiyofutika kwenye filamu, sawa na ukingo wa dirisha la fremu. Andika pia ni tundu lipi la pembeni limekaa kwenye jino lipi. Funga, panga 800, upige zote 36. Ukimaliza, rudisha taratibu huku sikio likiwa karibu na kamera. Ukihisi uzito umepungua ghafla, ukasikia ulimi wa filamu ukichomoka kwenye kijiti cha kupokea, simama hapo hapo. Ukizidisha, ulimi utamezwa na kasha na itabidi uuvue.

Andika juu ya kasha: “Mara ya 1 tayari, 800.” Usiseme utakumbuka. Mkanda mmoja niliupitisha mara tatu kwa kiburi hicho.

Mara ya pili uweke upya, mstari ukae palepale ulipokuwa. Mzunguko wa kwanza piga maumbo tu, wa pili piga michoro tu; usijaribu kukumbuka fremu ya 14 ilikuwa na nini. Ukiweza, acha wiki kadhaa zipite katikati, au mpe rafiki mkanda apige mzunguko wa pili bila kumwambia umepiga nini. Fremu mbili tatu zitakushtua kwa uzuri na nyingi zitakuwa takataka, nayo ndiyo bei.

Hatua ya 4: Mkanda uliogeuzwa mgongo

Filamu ya rangi ina matabaka. Kwa kawaida mwanga hukutana kwanza na tabaka la buluu, kisha kijani, mwisho nyekundu. Ukiugeuza mkanda, mwanga unapita kwanza kwenye mgongo wa plastiki na kulikuta tabaka la nyekundu, huku la buluu likipata masalia tu. Matokeo yake ni picha za rangi ya moto, kutoka damu ya mzee hadi njano.

Utahitaji kasha tupu lililobakiza kipande kifupi cha filamu nje. Mafundi wa kusafisha picha huwa wanayatupa. Unganisha kwa gundi ya utepe kile kipande na ulimi wa mkanda mpya, kimoja kikitazama juu na kingine chini. Hilo lifanye kwenye mwanga. Kisha ingia gizani kabisa, uzungushe kijiti cha kasha tupu mpaka mkanda wote uhamie humo, ukate mwisho wake.

Panga ISO 100 kwa mkanda wa 400, maana mwanga mwingi unaishia njiani. Ukipanga 200 utapata wekundu mzito, ukipanga 50 unaelekea njano. Picha zitatoka zimegeuka, kushoto kukiwa kulia. Zigeuze wakati wa kuskani.

Hatua ya 5: Kusafisha kwa kahawa

Huu si mzaha wa mtandaoni. Mwaka 1995 Scott Williams na wanafunzi wake katika Rochester Institute of Technology, Marekani, walionyesha kwamba kahawa husafisha filamu. Kinachofanya kazi ni asidi ya kafeiki, wala si kafeini.

Tumia mkanda mweusi na mweupe tu. Kwa lita moja ya maji ya nyuzi 20 za Selsiasi: gramu 54 za soda ya kufulia isiyo na maji, yaani sodiamu kaboneti, gramu 16 za unga wa vitamini C, na gramu 40 za kahawa ya unga inayoyeyuka, ya bei rahisi kabisa. Magadi soda ya kupikia hayafai. Vaa glavu. Yeyusha soda kwanza, kisha vitamini, kahawa mwisho, na usubiri povu litulie. Mkanda ukae humo dakika 15, ndani ya tangi la kusafishia lisilopitisha mwanga, ukilitikisa sekunde 10 kila dakika. Suuza, tia fiksa ya kawaida (dawa ya kuidumisha picha), osha vizuri. Kahawa haiondoi haja ya fiksa. Harufu yake ni mbaya, fungua madirisha.

Kuna wanaoloweka mkanda kwenye limau, sabuni au maji ya moto. Binafsi hainivutii, kwa kuwa hakuna unachokiongoza. Ukitaka, ukaushe kwa wiki kadhaa, na usiupeleke kwa fundi bila kumwambia: utamchafulia dawa na kuharibu mikanda ya watu wengine.

Kwa mkanda wa rangi uliopita muda, anzia kuongeza stopu moja ya mwanga (yaani mwanga mara mbili) kwa kila miaka 10.

Kabla hujauacha kwa fundi

Mwambie asiukate mkanda, akurudishie ukiwa mzima. Mipaka ya fremu zilizopishana huangukia katikati ya picha, na mkasi wake utakata hapo hapo. Mwambie pia azime marekebisho ya rangi ya mashine, la sivyo itauosha ule wekundu wote ikidhani ni ugonjwa.