Kabla ya kung'oa vikombe vya beringi za gurudumu la ndege ndogo

Vumbi la Dodoma halibagui. Kiangazi kikikolea, ndege inayotua kwenye viwanja vya udongo vya huku katikati ya nchi hurudi na magurudumu mekundu, na vumbi hilo likishapita sili huchanganyika na grisi na kuanza kusaga chuma. Ukiosha beringi ukaona vishimo, rangi ya bluu ya kuungua, au mistari ya kutu iliyopangana kama roli (vyuma vinavyobiringika ndani ya beringi) zilivyokaa, kikombe kimekwisha. Kikombe ni ile pete ya nje iliyobanwa ndani ya gurudumu.

Agiza kikombe pamoja na beringi yake, maana huchakaa pamoja. Fuata namba ya kipuri iliyo kwenye kitabu cha gurudumu lenyewe, na kipuri kije na hati zake. Dukani utaonyeshwa beringi ya gari inayofanana kabisa, iache. Zungumza mapema pia na mhandisi mwenye leseni atakayesimamia kazi na kuisaini.

Kabla ya kugusa bolti zinazounganisha nusu mbili za gurudumu, toa upepo wote, kisha toa hata kiini cha valvu. Gurudumu lililofunguliwa likiwa na upepo linaweza kuua fundi, na hapa sitaki mtu yeyote akadirie kwa kubonyeza tairi na kidole gumba.

Sasa moto. Alumini hutanuka karibu mara mbili ya chuma, kwa hiyo gurudumu likipashwa huachia kikombe bila ugomvi. Tumia oveni. Moto wa gesi ya kuchomelea huharibu uimara wa alumini, na magurudumu mengine ni ya magnesi, ambayo hushika moto. Kitabu cha magurudumu ya chapa ya Cleveland kinataka nyuzi 121 za Selsiasi zisipitwe. Weka kipimajoto ndani ya oveni, kwa kuwa kidhibiti joto chake hukosea sana, na usafishe grisi yote kwanza. Oveni hiyo isirudi tena kupika mkate. Wanaotegemea maji ya moto, pale kitabu chao kinaporuhusu, wakumbuke kwamba Dodoma iko zaidi ya mita 1,100 juu ya bahari: maji huchemka kwenye nyuzi 96 hivi.

Kikombe kipya kinataka baridi. Barafu kavu (kaboni dioksidi iliyogandishwa) si rahisi kuipata hapa, basi kifunge kwenye mfuko wa plastiki, kilale kwenye friza usiku kucha. Friza iwe karibu na oveni! Nilishuhudia kikombe kikibebwa kutoka nyumba ya pili. Kilipofika kiliingia nusu, kikakaa upande, na tukaanza kupasha upya. Una sekunde chache tu. Glavu nene, rangi ya kinga ya zinki kromati, kipande cha fiba cha kugongea, meza tupu iliyofutwa: vyote viwepo kabla oveni haijafunguliwa. Fanya mazoezi ya mikono mara moja vitu vikiwa baridi, ujue upande upi wa kikombe unatangulia.

Gurudumu likishapoa, mulika tochi pale kikombe kinapokalia. Mwanga ukipenya, hakijakaa. Grisi iwe aina moja tu, usichanganye na ya zamani, na kotapini, ile pini inayozuia nati ya ekseli isilegee, iwe mpya.