Mshauri nasaha: kuwa mkweli bila kumtwika mteja mizigo yako

Mteja mgeni humsoma mshauri usoni kabla ya kusikiliza maneno yake. Ukimwambia "jisikie huru" huku unaiba macho kutazama saa, ataamini macho. Carl Rogers, mwanasaikolojia wa Marekani, katika makala yake ya mwaka 1957, aliutaja ukweli huu wa mshauri, yaani anachoonyesha kulingana na anachohisi, kuwa mojawapo ya masharti sita ya mteja kubadilika. Hakudai mshauri awe mkamilifu maishani. Alitaka tu awe mkweli ndani ya kikao.

Anza na usiri. Mwambie waziwazi yapi yatabaki kati yenu na yapi hayawezi kubaki, kwa mfano maisha ya mtu yakiwa hatarini. Kama unaandika, mweleze unaandika nini na nani atasoma. Wengi huogopa kwamba maelezo haya yatamtisha mteja. Kinachomtisha zaidi ni kuyagundua baadaye.

Kikao kikiendelea, tumia unachohisi papo hapo. Tuseme mteja anasimulia msiba huku anacheka. Usicheke naye kwa adabu tu. Sema taratibu: "Unanisimulia jambo zito huku unacheka, nami sijui nishike lipi. Wewe mwenyewe unajisikiaje?" Kisha nyamaza, hata kimya kikirefuka. Umesema la kwako bila kumhukumu, naye ana nafasi ya kukusahihisha.

Ukipiga mwayo, kiri: "Sikulala vizuri, si maneno yako yanayonichosha." Aliyezoea kujiona mzigo kwa wengine atautafsiri mwayo huo vibaya na asiseme neno.

Washauri wengi huteleza kwenye kusimulia maisha yao wenyewe. Mteja akiuliza, "Wewe umewahi kuachika?" jibu kwa sentensi moja au mbili, au kataa kwa upole: "Hilo naomba nibaki nalo. Unahofia sitakuelewa?" Vyovyote, mazungumzo yarudi kwake. Akianza kukupa pole wewe, umeshapitiliza.

Si kila hisia itamkwe. Kero ikikujia mara moja, iache ipite. Ikirudi kikao baada ya kikao, ipeleke kwanza kwa msimamizi wako wa kitaaluma, mpambanue kama ni ya mteja au ya maisha yako.

Na ukimkata kauli au ukimwelewa vibaya, usisubiri kikao kijacho. "Nimekukatiza, samahani. Ulikuwa unasema nini kuhusu baba yako?" Inatosha, ukiomba radhi mno, itambidi yeye akutulize.