Somo: Shokapu za pikapu kwa mbio za dragi (kuchomoka na kukimbia mstari ulionyooka, mita 402), kwa sisi wa Mbeya na Iringa

Wadau, kila wiki naulizwa, "Kaka, shokapu gani ngumu ninunue?" Kosa linaanzia hapo. Pikapu imeundwa kubeba mzigo. Ikiwa tupu, nyuma haina uzito. Ukikanyaga mafuta tairi zinasaga lami tu, mwenzako keshaondoka.

Gari likichomoka, uzito unahama kutoka mbele kwenda nyuma. Chukua pikapu ya kilo 1,600, umbali wa mita 3 kati ya ekseli, kitovu cha uzito mita 0.7 juu ya lami. Ikichomoka kwa nusu ya nguvu ya mvutano wa dunia, zinahamia nyuma kama kilo 187. Shokapu haiongezi hata kilo moja hapo. Inaamua tu zifike upesi au zichelewe.

Hatua ya 1: Kagua ulichonacho. Bushi zilizolika, boliti za springi zilizolegea, jani la springi lililokatika: rekebisha kwanza. Bonyeza kona ya gari uachie. Likinesanesa, shokapu imekufa.

Hatua ya 2: Mbele. Unataka pua inyanyuke kirahisi na ishuke taratibu. Ndiyo maana ya shokapu za 90/10: ukinzani mwingi uko kwenye kubonyea, kidogo kwenye kunyooka. Kwa barabarani ni hatari, mbele inaelea. Usiteremke nazo Kitonga, tafadhali. Funga uwanjani, fungua ukimaliza.

Hatua ya 3: Nyuma. Anza na 50/50 (ukinzani sawa kwenye kubonyea na kunyooka), au zenye kurekebishika pande zote mbili kama mfuko unaruhusu. Springi za majani zina ugonjwa wao: ekseli inajipinda, springi inakunjika kama herufi S, kisha inafyatuka na tairi zinarukaruka. Shokapu peke yake haiponyi hilo. Chomelea vyuma vya kuzuia ekseli isizunguke, kwa fundi anayejua kuchomelea kweli, si wa mageti.

Hatua ya 4: Pima. Valisha kamba ya plastiki ya kufungia nyaya kwenye fimbo ya shokapu ya nyuma, isukume hadi iguse mwili wa shokapu. Baada ya kuchomoka, tazama imesukumwa hadi wapi: hapo ndipo shokapu ilipobonyea. Mwambie mtu arekodi kwa simu kutoka ubavuni. Geuza kitu kimoja tu, kliki mbili za kirekebisho cha shokapu, rudia. Nyuma ikididimia mno, kaza kubonyea. Bodi ikiruka juu na kuiacha tairi, kaza kunyooka.

Haya yote ni kwenye uwanja uliofungwa wenye ruhusa, si barabara ya TANZAM usiku.

MASWALI

Mdau wa Uyole: Mkuu, nimepewa mipangilio ya shokapu ya jamaa wa Dar, kliki kwa kliki. Niweke?
Jibu: Ya kuanzia tu. Mbeya tuko kama mita 1,700 juu ya bahari. Injini isiyo na tabo inapoteza karibu asilimia 17 ya nguvu. Pua yako haitanyanyuka kama yake, kwa hiyo legeza kunyooka kwa mbele.

Mdau wa Mafinga: Shokapu zangu za mbele zimevikwa springi. 90/10 inaingia?
Jibu: Tafuta iliyotengenezwa kwa muundo huo. Usilazimishe, na usifungue springi bila kibano chake; ikifyatuka inaua.

Mdau wa Mwanjelwa: Nikiweka mifuko ya mchanga nyuma je?
Jibu: Tairi zitashika zaidi, ila na huo mchanga unaubeba mita zote 402. Ukiweka, funga kwa mikanda. Mimi ningeshusha kwanza upepo wa tairi za nyuma, PSI 2 kila jaribio, na kujaza tena kabla ya kurudi nyumbani.