Namna ya kuandika wasifu wa bibi aliyeishi miaka mingi kijijini

Wasifu wa wanawake wengi wa kijijini husomwa kwa dakika mbili: alizaliwa, akaolewa, akajaliwa watoto, akaugua, akafariki. Kati ya kuolewa na kuugua ipo miaka 60, nayo hupewa maneno manne tu: "alikuwa mama wa nyumbani". Kazi yake haikuacha barua ya ajira wala hati ya mshahara, kwa hiyo anayetegemea karatasi hukosa cha kuandika. Inabidi uitafute kazi yenyewe na uiandike kwa vipimo.

Anza na mwaka wa kuzaliwa, maana ukikosea hapo mengine yote yatayumba. Kitambulisho kikionyesha 1 Januari au 1 Julai, huenda hayo ni makadirio ya karani aliyejaza fomu. Yalinganishe na mwaka aliozaliwa mtoto wake wa kwanza, na umri wa ndugu waliomtangulia na kumfuata, na matukio aliyokuwa akiyasimulia. Vita Kuu ya Pili ya Dunia ilianza 1939 ikaisha 1945. Binadamu alikanyaga mwezini Julai 1969. Usiishie kuuliza kama aliyakumbuka. Uliza alikuwa akifanya nini wakati huo: alikuwa bado anabebwa mgongoni, alikuwa anachunga mbuzi, au alikuwa keshaolewa?

Kisha piga hesabu kinyumenyume. Familia ikisema amefariki 2024 akiwa na miaka 105, ina maana alizaliwa 1919. Kama kitinda mimba wake ni wa 1975, basi alimzaa akiwa na miaka 56, jambo ambalo kwa mimba ya kawaida halitarajiwi. Hapo umri ndio uliokosewa. Ukibakiwa na shaka ya miaka mitatu, andika "kati ya 1932 na 1935", wala usione haya. Makadirio ya kweli yanamheshimu kuliko 105 ya kujivunia.

Sasa watu wa kuulizwa. Wengi huwakimbilia watoto, lakini watoto humkumbuka mama aliyekwisha kuwa mtu mzima. Anza na wifi zake, shoga wa rika lake, na jirani waliyepakana naye shamba. Wazee hawa ndio wachache waliobaki, kwa hiyo wasingoje. Waendee asubuhi kabla hawajachoka, na nusu saa inatosha kwa kikao kimoja. Omba ruhusa ya kurekodi, kisha iweke simu juu ya kitambaa kilichokunjwa, kwa sababu meza tupu hupokea kila mgongano wa kikombe na kufunika sauti ya mzee. Baada ya hapo nenda kwa mzaliwa wa kwanza na kwa kitinda mimba, kila mmoja peke yake. Mmoja alilelewa na msichana mwenye nguvu, mwingine na mama aliyekwisha kuchoka, na simulizi zao zitapishana. Usiwapatanishe, andika zote mbili.

Swali la "alikuwa mtu wa namna gani?" huleta jibu lile lile kwa kila marehemu: mcheshi, mchapakazi, mpenda watu. Uliza yanayohusu mikono na saa. Aliamka saa ngapi, na kitu cha kwanza kukishika kilikuwa nini? Mbegu alizihifadhi wapi zisitobolewe na wadudu? Nani alijifunza kwake kusuka, kukamua au kuzalisha? Jambo gani alilikataa katakata? Jembe lake likiwa bado lipo, litazame mpinini: utaona pamelika na kung'aa sehemu mbili, pale mikono yake ilipokuwa ikishika. Lipige picha kwa karibu mwanga ukitoka ubavuni, ndipo ulikaji uonekane.

Maji ndiyo kazi inayopimika vizuri zaidi. Nenda kwenye njia yenyewe, uipime kwa simu. Tuseme kisima kiko kilomita 1.5, naye alikwenda mara mbili kwa siku: hizo ni kilomita 6 kila siku, na ndoo ya lita 20 ni kilo 20 za maji kichwani kila anaporudi. Toa miezi 4 ya mvua alipokinga maji ya paa, zibaki siku 240 kwa mwaka. Kwa miaka 30 ni kilomita 43,200, wakati duara la dunia kwenye ikweta ni kilomita 40,075. Sentensi moja ya namna hii husema zaidi ya sifa kumi. Lakini itumie pale tu umbali, idadi ya safari na miaka vimethibitishwa na watu wasiopungua wawili.

Orodha ya uzao huvuruga familia kuliko sehemu nyingine yoyote. Ihesabu nyumba kwa nyumba, ukianzia kwa mtoto wa kwanza: wajukuu, vitukuu, vilembwe. Waliotangulia kufariki, hata wachanga, waulizie kabla hujawaacha nje, maana mama aliwahesabu. Aliowalea bila kuwazaa watajwe kwa jinsi familia ilivyozoea kuwaita. Andika tarehe ya hesabu, kisha mmoja wa kila nyumba aisome kabla haijachapwa.

Ugonjwa upewe mstari mmoja, bila majina ya vipimo. Na usiandike kamwe kwamba shamba fulani "alimwachia" fulani, hata kama wote wanalijua. Wasifu si wosia, lakini kuna watakaoutumia kama wosia.

Kwa kusomwa hadharani, maneno 500 hadi 600 yanatosha. Msomaji wa taratibu humaliza takriban maneno 100 kwa dakika, na machozi humpunguzia kasi. Chapa kwa herufi za ukubwa wa 16, upande mmoja wa karatasi, kurasa zenye namba, na awepo msomaji wa pili mwenye nakala yake.

Yaliyozidi usiyatupe. Andika toleo refu la kubaki nyumbani, picha ndogo za zamani ziskaniwe kwa dpi 600 (nukta 600 kwa kila inchi), na kila faili lipewe jina la mtu, mahali na mwaka. Nakala zikae kwa watoto watatu wanaoishi mbalimbali.