Somo: Mazoezi ya nje wakati wa kipupwe, hapa Tanga

Juni ikiingia, njia ya Raskazone inapungua watu. Baridi yetu yenyewe si ya kutisha, alfajiri za Julai ni nyuzi 20 hivi. Wa Lushoto wakitusikia tunalalamika watatucheka. Kinachotuangusha ni giza, upepo wa kusi na shuka. Msiache mazoezi, badilisheni saa na njia.

1. Saa. Julai jua linachomoza kama saa 12:30. Anayetoka saa 11 alfajiri anakimbia gizani pamoja na bodaboda zisizo na taa. Subiri kupambazuke. Saa 1 bado kuna ubaridi mzuri ambao Februari huupati hata kwa dawa.

2. Pasha mwili moto kabla hujatoka. Dakika 10 uani zinatosha: tembea, zungusha mabega, chuchumaa na kuinuka. Kujinyoosha kwa kuvuta viungo kuache mwisho.

3. Anza kwa kuukabili upepo. Hili ndilo wengi wanalipuuza. Ukitoka Bustani ya Jamhuri ukapita Bombo kuelekea Raskazone, kusi linakupiga usoni na ubavu wa kulia. Ndivyo inavyotakiwa: unapambana nalo ukiwa na nguvu na nguo kavu, wakati wa kurudi linakusukuma. Ukigeuza, unakutana nalo umechoka na fulana imelowa, hapo ndipo meno yanapogongana. Wa baiskeli, na Tanga ndio sisi wengi, hili linawahusu zaidi.

4. Vaa fulana nyepesi na koti jepesi la kufunga kiunoni ukishapata joto. Masweta mazito ya "kukata mafuta" ni kujitesa bure. Kinachopungua ni maji, na yanarudi ukinywa.

5. Kunywa maji hata kama huna kiu. Upepo unakausha jasho kabla hujaliona.

Kiasi? Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima apate angalau dakika 150 kwa wiki. Nusu saa ya kutembea haraka, siku 5, umemaliza.

MASWALI YA WANACHAMA

Mama wa Makorora: Mwanangu, nina pumu. Nitoke kweli?
Jibu: Shikamoo mama. Kama siku hizi unatumia pampu mara kwa mara, muone daktari kwanza. Akikuruhusu, tembea, usikimbie. Jifunike pua na mdomo kwa mtandio, na pampu iwe mkononi, si kabatini. Kifua kikibana, simama.

Kijana wa Sahare: Na kuogelea, kocha?
Jibu: Asubuhi, kabla upepo haujachachamaa, na usiende peke yako. Ulizia maji kwanza: kujaa na kupwa husogea mbele kama dakika 50 kila siku, kwa hiyo saa ya jana si ya leo.

Mwanachama aliyeko Eckernförde: Mnaongelea kipupwe! Huku Ujerumani Desemba jua linatoka karibu saa 3 asubuhi, saa 10 jioni limezama.
Jibu: Pole ndugu yetu. Wewe toka saa 6 mchana, wakati wa mapumziko ya kazi. Nguo ya ndani isiwe ya pamba, inashika jasho na kukupoza; vaa ya sufu, juu yake ya joto, kisha ya kuzuia upepo. Kofia na glavu usiache. Barafu ikiganda barabarani, piga hatua fupi na viatu viwe na meno. Ila la upepo ni lilelile: anza nao usoni.