Kufunga gurupu nyumbani Lubumbashi: kuanzia hesabu ya wati hadi malipo ya fundi

Delestaji, yaani kukatwa umeme kwa zamu, haina ratiba, na mama anayeuza samaki wa konjelateri anajua usiku mmoja bila umeme unaweza kumeza faida yake yote. Huu ni mpango wa kufunga gurupu (jenereta) ya kudumu kwenye parseli.

1. Hesabu kabla ya kwenda dukani. Andika vyombo vitakavyowaka pamoja. Mfano: frigo wati 150, konjelateri 200, taa 100, televisheni 100, pompi ya maji 750. Jumla 1,300. Ila mota ikianza huvuta kama mara tatu, kwa hiyo ongeza 1,500 za pompi: 2,800. Gurupu ya kVA 5 kwa kawaida hutoa kilowati 4, si 5. Tena mji wetu uko karibu mita 1,200 juu ya bahari, na injini isiyo na turbo hupoteza takriban asilimia 1 kwa kila mita 100. Zinabaki kilowati 3.5, yaani wati 3,500. Zinatosha, mradi resho (jiko la umeme) na pasi zisiguswe. Muuzaji atakusomea namba kubwa ya kibandiko, ile ya nguvu ya muda mfupi. Wewe tafuta ile ya kazi ya mfululizo.

2. Mahali. Moshi wake una monoksidi ya kaboni, haina harufu, inaua watu usingizini. Iweke nje, mita 6 au zaidi kutoka madirisha, ya jirani pia. Najua mtasema wezi, ndiyo maana wengi wanaiwasha ndani ya boyeri (kijumba cha uani). Mwaga beto, pachika vyuma, jenga kizimba cha fero chenye bati juu na pande wazi.

3. Inverseri, swichi ya kuchagua umeme wa SNEL (kampuni ya umeme) au wa gurupu, kamwe si vyote viwili pamoja. Hapa msikubali kupunguziwa bei. Fundi atakuambia inverseri ni kutupa pesa, halafu atakutengenezea kamba yenye fishi dume pande zote mbili: moja kwenye gurupu, nyingine kwenye prizi ya ukuta. Siku mtu akisahau kushusha disjonkteri (swichi kubwa ya nyumba), umeme wako unatoka kupitia kontere (mita) hadi waya wa barabara, na transfoma ya mtaa inaupandisha kuwa maelfu ya volti. Fundi wa SNEL aliye juu ya nguzo anadhani laini imekufa. Umeme wa SNEL nao ukirudi wakati huo, alternateri yako inaungua. Na fishi ikichomoka ukutani, meno yake yako wazi na volti 220, mtoto anapita.

Inverseri sahihi ina nafasi tatu, I, 0 na II, inakata fazi na netri (nyaya mbili za umeme) pamoja, ampea 40, na inakaa baada ya kontere na disjonkteri kubwa. Plombe (sili) za kontere haziguswi. Gurupu ya kVA 5 inatoa ampea 23 hivi: kebo ya milimita mraba 4, au 6 kama ni mbali. Weka diferansieli (swichi inayojikata umeme ukivuja) ya miliampea 30 na piketi ya tere (fimbo ya chuma iliyopigwa ardhini). Netri iunganishwe na tere upande wa gurupu, la sivyo diferansieli haitaruka siku ya hatari. Mafundi wengi wanaruka hatua hii. Kiangazi mwagia piketi maji, udongo mkavu haupitishi umeme vizuri.

4. Fundi. Omba devi (makadirio ya bei) tatu, kila mstari na mita zake, unene wa kebo na ampea. Karatasi inayosema tu «vifaa vya umeme» na bei moja si devi. Ile ya chini sana mara nyingi imekula kwenye kebo. Nenda naye dukani, lipa wewe, fakture itoke kwa jina lako. Akipewa kitu kidogo na muuzaji, hayo ni yao. Pesa ya kazi gawanya: 30% mwanzo, 40% kebo zikishapita na ukuta haujafungwa (piga picha), 30% baada ya jaribio.

5. Jaribio. Washa vyote, pompi mwisho, kwa saa mbili. Multimetri isome kati ya 210 na 240. Kifuniko cha inverseri kikiwa cha moto, kuna skrubu haikukazwa. Oili ya kwanza imwagwe baada ya saa 20 za kazi, kisha kila 100. Filta ya hewa, kiangazi, iangaliwe kila wiki: vumbi letu jekundu halina huruma.

Maswali

*Yaya, mimi ni mpangaji, bayeri hataki waya mpya. Nifanye nini?*
Usifunge kitu. Vuta ralonji nene kutoka gurupu moja kwa moja hadi frigo na taa. Hautagusa ukuta wake, na ukihama unaondoka nayo.

*Jirani anaomba nimrushie waya juu ya ukuta, atachangia esanse. Nikikataa tutanuniana.*
Mwonyeshe hesabu ya hatua ya 1. Akiwasha resho, gurupu inazidiwa na frigo zenu zote zinateseka. Mwambie alete simu na taa za kuchaji kwako.

*Fundi alichukua akonti, sasa hapokei simu.*
Mama, una karatasi yenye sahihi yake? Kama ipo, nenda nayo kwa shefu wa kartie pamoja na shahidi aliyeona pesa. Kama haipo, anza na aliyekuletea huyo fundi; mara nyingi yeye ndiye anajua anakokaa.

*Si bora betri na invertisere?*
Invertisere hugeuza umeme wa betri uwe wa nyumbani; si ile inverseri ya hatua ya 3. Kwa taa, televisheni na modemu, ndiyo, na hakuna kelele. Kwa pompi na konjelateri bei ya betri inapanda haraka. Wenye uwezo wanafunga vyote viwili, gurupu inawashwa betri zikishuka tu.